Tizama juu kabla ya kushika tindo

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Malindi, Unguja. Nimelifupisha kidogo bila ya kugusa maana:

"Nyumba yetu ni ya mawe, ya chini na ghorofa moja, tumeirithi kwa baba. Chini kuna sebule, na ubavuni mwake chumba anacholala bi mkubwa. Vyumba vyote viwili ni virefu na vyembamba, upana mita tatu hivi, vimelala sambamba. Bi mkubwa sasa anakwenda kwa kiti cha magurudumu. Kumtoa chumbani kumleta sebuleni lazima tumzungushe uani, tumpandishe vidato viwili, na mvua ikinyesha tunamfunika turubai. Tunataka kutoboa ukuta baina ya vyumba hivi. Kaka anasema tufungue mita tatu nzima iwe sebule moja kubwa, tutie lenta ya zege. Ukuta una unene wa sentimita 60. Juu anakaa ami na watoto wake. Fundi kasema ni kazi ya siku tatu, itakwisha kabla ya harusi ya mdogo wetu. Tufanyeje?"

Dada yangu, assalaam alaykum, na mpe bi mkubwa salamu zangu.

Nianze na majibu mafupi, kisha tukae tuzungumze. Mlango mmoja wa kupita kiti, naona unawezekana. Mita tatu, hapana. Siku tatu, fundi huyo ama hajauona ukuta, ama ameuona akaudharau.

Ukuta wa nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe hauna tabia za ukuta wa matofali. Ukiukata katikati kama mkate utaona nyuso mbili, ya huku na ya kule, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochaguliwa, na baina yao mjazo wa vijiwe na udongo mwekundu uliotiwa chokaa, mara nyingi chokaa kidogo kuliko tunavyopenda kuamini. Nyuso ndizo zinazosimama. Mjazo umelala tu humo ndani, umetulia kwa sababu hakuna aliyeusumbua.

Nilikuja kulielewa hili nikiwa kijana, nambebea ndoo fundi aliyenifunza kazi, katika nyumba moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunafungua mlango kama huu wenu. Fundi akatoa jiwe moja la ukubwa wa kichwa cha mtu, kisha jingine. Kwenye tundu likaanza kutoka vumbi la udongo mkavu, jembamba, linamiminika kama mchele kutoka kwenye gunia lililotoboka. Tukaacha kugonga, lenyewe halikuacha. Ndoo ya kwanza ikajaa. Nikaleta ya pili, nayo ikajaa. Juu yetu, pale boriti zinapoingia ukutani, lipu ikafanya mstari mwembamba kama uliochorwa kwa penseli, halafu boriti moja ikalia, mlio mfupi, kama mtu anayekunja kidole. Fundi wangu akavua shati, akalikunja, akaliziba tundu, akalishika kwa bega lake na kunituma mbio nikalete miti. Hakusema neno mpaka mirunda minne imesimama na kubanwa kwa kabari. Kisha akanambia nikatie maji ya chai. Kosa letu lilikuwa moja: tulianza kutoboa kabla ya kukinga.

Kwa hiyo, kabla ya tindo, kabla ya nyundo, ingia sebuleni utizame juu.

Utaziona boriti, miti ya mikoko iliyopangwa kwa karibu, na juu yake sakafu ya kizamani ya vijiwe na chokaa. Boriti ya mkoko haistahamili kuvushwa mbali. Ikizidi mita tatu hivi inaanza kulegea tumbo. Ndiyo maana vyumba vya wazee wetu ni virefu na vyembamba, kwani mti ndio uliopanga upana wa chumba. Na boriti huvuka ule upana mfupi, kwa hiyo ncha zake hukaa juu ya kuta ndefu. Ukuta wenu, kwa ulivyonieleza, ni ukuta mrefu unaoshirikiana vyumba viwili. Nathubutu kusema unapokea ncha za boriti za sebule upande huu na ncha za boriti za chumba upande ule. Kama dari imefunikwa kwa ubao au jipsamu, fungueni kipande kimoja pembeni ya ukuta, pande zote mbili, mhakikishe. Boriti zikionekana zinakwenda sambamba na ukuta bila ya kuuingia, niandikie tena, maana hesabu itakuwa nyepesi kidogo. Kidogo tu, kwani ukuta wa juu kwa ami bado utakuwa umeukalia.

Sasa tupige hesabu ya mzigo, mpate cha kumwonesha kaka.

Sakafu ya kizamani mara nyingi ina unene wa robo mita, na nyingine zimezidi kwa kurudiwa rudiwa. Mita moja ya mraba ya sakafu hiyo ina uzito wa kilo 400 na kitu. Ukuta wenu unabeba nusu ya sakafu ya sebule na nusu ya sakafu ya chumba, yaani mita moja na nusu kila upande. Kila mita moja ya urefu wa ukuta, basi, imebeba mita tatu za mraba za sakafu: kilo 1,200 au zaidi, kabla ya kabati la ami, kitanda chake, na watoto wanaoruka ruka. Juu ya hapo kuna ukuta wa ghorofa. Ukiwa na kimo cha mita tatu na nusu na unene huo huo, kila mita yake ni tani tatu na nusu mpaka nne. Ongeza paa. Tunakaribia tani sita kwa kila mita moja.

Kwa mlango wa sentimita 90, hizo ni kama tani tano na nusu, na ukuta wenyewe utawasaidia: mawe ya juu ya tundu dogo hujibana yakajifanyia tao la ndani, mzigo ukaenda pembeni. Kwa mita tatu ni tani 18, na tao hilo halina pa kukanyagia. Tani tisa zitateremka kila upande juu ya ncha ya ukuta uliokatwa, ncha yenye mjazo ule ule wa udongo niliokueleza unamiminika kama mchele. Zaidi ya hayo, nguvu ya kuipinda lenta haikui sawasawa na upana. Upana ukizidi mara tatu na kitu, mpindo huzidi zaidi ya mara kumi. Kaka anaona lenta ni lenta, irefushwe tu. Haiendi hivyo.

Je, mhandisi hawezi kulitengeneza tundu la mita tatu? Anaweza, kwa fremu ya chuma au zege yenye nguzo zake na msingi wake mpya chini ya sakafu. Mtakuwa mmejenga nyumba ndogo ndani ya nyumba kubwa, kwa gharama itakayowashangaza, na sidhani Mamlaka ya Mji Mkongwe itaridhia. Na zege ya Malindi ina adui wake. Mawe ya matumbawe yametoka baharini, hewa imetoka baharini, na ukuta unavuta unyevu wenye chumvi kutoka chini. Chumvi ikiifikia nondo, nondo inashika kutu, kutu inavimba, na zege inapasuka kutoka ndani. Tembea barabara yoyote ya mjini utizame chini ya roshani za zege: utaiona nondo nyekundu iliyochungulia.

Unene wa ukuta usiwadanganye. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Sayyid Barghash, nayo ina kuta nene, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati kazi ya matengenezo ikiendelea, watu wawili wakafariki. Sote tuliokuwa Unguja siku ile tunakumbuka vumbi lile. Sisemi nyumba yenu iko hivyo. Nasema ukuta mnene unaweza kuwa mchovu na usikwambie.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda zaidi. Kabla ya kupanga mlango mpya, tafuteni mlango wa zamani.

Nyumba za mji zimefunguliwa na kuzibwa mara nyingi kuliko wenyewe wanavyojua. Ndugu wamegawana urithi, pakazibwa. Chumba kimepangishwa, pakazibwa. Mke wa pili amekuja, pakazibwa upesi zaidi. Ngojeni usiku, zimeni taa, chukueni tochi muiegemeze ukutani, mwanga ulale juu ya lipu usiipige usoni. Ukuta unaouona umenyooka mchana utaonesha mabonde na matuta yake yote. Mnachotafuta ni mistari miwili ya wima iliyoachana kwa mita moja hivi, na mstari wa kulala juu yake unaoiunganisha kwa kimo cha mtu aliyenyosha mkono. Kisha chukua mpini wa nyundo, gonga taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kila shibiri moja. Ukuta mzima unajibu kwa sauti nzito, fupi. Penye mlango uliozibwa sauti hubadilika. Wakati mwingine huwa tupu kidogo, wakati mwingine kavu kama unagonga saruji, kwani waliokuja kuziba walitumia matofali. Fanyeni hivyo hivyo upande wa chumbani. Mistari ikikutana pande zote mbili, mna bahati kubwa, kwani mzigo wa pale ulishajifunza zamani kupita pembeni, na kizingiti cha juu huenda bado kimo.

Bahati hiyo nayo ipimwe. Toeni lipu kidogo juu ya mstari wa kulala, mkifikie kizingiti, na mkichome kwa msumari wa inchi nne katika sehemu tano au sita, hasa kwenye ncha zinazoingia ukutani. Msumari ukikataa, alhamdulillahi. Ukizama kama kwenye halua, mti huo ni wa mchwa na mnapaswa kuubadilisha kama mnavyotengeneza mlango mpya. Ncha za boriti pia zichomwe vivyo hivyo. Mara nyingi huoza ndani ya ukuta, pale ambapo bomba la ami linavuja au lipu ya saruji imefunga unyevu usipate pa kutokea.

Kuna jambo jingine la kujihadhari nalo. Kama ukutani mna zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, mtu atakwambia tobo likipitishwa hapo kazi itakuwa rahisi kwani nusu ya unene imeshaondoka. Ni kweli nusu imeondoka, ndiyo maana nusu iliyobaki inafanya kazi ya wote wawili. Zidaka ziacheni mahali pake, na mlango uwe mbali nazo.

Kama hakuna mlango wa zamani, mtachagua mahali. Pandeni juu kwa ami na utepe wa kupimia. Pimeni kutoka ukuta wa nje mpaka milango na madirisha yake yaliyomo katika ukuta ule ule, mchore kwenye karatasi, kisha mteremke muweke mchoro wa chini chini yake. Kipande cha ukuta kilichosimama baina ya milango miwili ya juu kinateremsha mzigo mkubwa mahali padogo. Msitoboe chini yake. Itakuwa mmemkata mguu mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Kona nazo muziache, mita moja angalau, kwani kona ndiyo inayozuia kuta zisifunguke kama kitabu. Na penye ufa uliokwishaonekana msipaguse kabla ya kujua ufa huo umelala au bado unatembea. Andika alama mbili kwa penseli, moja kila upande wa ufa, pima umbali wake, andika tarehe pembeni. Rudi baada ya wiki nne.

Upana na kimo. Viti vingi vya magurudumu vina upana wa sentimita 65 hadi 70, na vidole vya bi mkubwa vitakuwa nje ya magurudumu. Sentimita 90 safi, baada ya fremu, zinatosha. 100 ni raha. Lakini kumbukeni ukuta wenu ni wa sentimita 60: huo si mlango tu, ni ujia mfupi. Kiti hakiwezi kukata kona humo ndani. Lazima kije kimenyooka, kwa hiyo acheni nafasi ya mita moja na nusu kwa moja na nusu pande zote mbili, pasiwe na kabati wala mguu wa kitanda. Kimo mita mbili na kidogo panatosha. Kila shibiri mnayoiacha juu ya mlango ni mawe mengine ya kujibana. Chini kusiwe na kizingiti. Pimeni pia sakafu za vyumba viwili kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ambao maji yake husimama kimo kimoja ncha zote mbili, kwani nyumba hizi mara nyingi chumba kimoja kimeinuka. Tofauti ikiwa sentimita 10, mtahitaji mteremko wenye urefu wa mita 1.2 ili msukumaji asitaabike na bi mkubwa asiogope.

Halafu sitara. Wazee hawakupanga milango ikatizamana, na walikuwa na sababu. Mgeni akikaa sebuleni asiwe anakiona kitanda cha bi mkubwa. Nimekwenda kuona mlango mmoja uliotobolewa vizuri kabisa, lenta safi, miimo ya pembeni imenyooka, na mama wa nyumba ameuziba kwa kabati kwa sababu kila aliyeingia anamtizama akivaa buibui. Kaeni kwenye kiti cha wageni, mwambie mdogo wako asimame ukutani na khanga mkononi, asogee mpaka mtakapoona kuwa nyuma yake kuna ukuta wa chumba na si kitanda. Tieni alama hapo, kisha mlinganishe na mchoro wa juu. Mahali panaporidhisha yote mawili ndipo pa mlango.

Idhini ni lazima, na si jambo dogo kama watu wanavyodhani. Malindi imo ndani ya Mji Mkongwe, ambao umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kutoboa ukuta wa ndani ni kazi inayohitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Pelekeni mchoro ule wa chini na juu, picha za ukuta pande zote mbili, na maelezo kwa nini mnautaka. Sababu ya kiti cha bi mkubwa iandikeni wazi. Ni sababu nzuri, na mlango mmoja mdogo unaelezeka kuliko sebule ya kaka. Kama nyumba au sehemu yake ni wakfu, Kamisheni ya Wakfu nayo ina neno. Nyumba ni ya urithi, kwa hiyo warithi wote watie saini, hata yule aliyeko Muscat. Na ami aambiwe kwa heshima, mapema, si siku anayosikia nyundo chini ya kitanda chake. Muombeni mhandisi aje aukague ukuta na asaini mchoro. Mimi nakujibu kutokana na maneno yako, yeye atajibu kutokana na ukuta.

Kazi yenyewe inakwenda hivi.

Umeme wa vyumba hivyo uzimwe kwenye meni, na mjue bomba la maji linapita wapi. Kisha kinga. Pande zote mbili za ukuta, kama mita moja kutoka ukutani, simamisheni safu ya mirunda. Miti ya mvinje iliyonyooka inafaa, jeki za chuma zinafaa zaidi. Juu yake ulazwe ubao mnene unaozishika boriti zote, kupita upana wa mlango kwa mita moja kila upande. Chini pia ulazwe ubao, mzigo usichome sakafu. Mbane kwa kabari mpaka boriti zishikwe, bila ya kuziinua. Mkiziinua mnapasua sakafu ya ami.

Mirunda hiyo inashika sakafu, haishiki ukuta wa juu. Ukuta hukingwa kwa kuukata nusu kwa nusu. Upande wa sebuleni, chimbeni mfereji wa kulala wenye kina cha nusu ya ukuta, mahali pa kizingiti cha juu, kipande kwa kipande. Tieni miti miwili ya kizingiti. Miti hiyo iwe migumu, mbambakofi au msaji, sentimita 15 kwa 15 au zaidi, mhandisi atasema, na kila ncha iingie ukutani sentimita 30, ikae juu ya jiwe bapa lililolazwa kwa chokaa, isikae juu ya udongo. Baina ya mti na mawe ya juu pigeni vijiwe vyembamba vikavu kwa nguvu, kisha mkandike chokaa. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanajaza udongo wa chokaa peke yake, unakauka, unanywea, ukuta wa juu unashuka milimita mbili kuufuata, na ufa unatokea kwa ami. Ngojeni wiki mbili. Nusu ya pili, upande wa chumbani, ifanywe vivyo hivyo. Baada ya hapo tu ndipo mnaanza kutoa mawe ya mlango, kutoka juu kuja chini, kwa tindo na nyundo ya mkono. Mashine ya kutetemesha isiingie katika nyumba hiyo.

Mawe mnayoyatoa msiyatupe. Mabapa mtayatumia kujengea miimo, kwani ncha mlizokata haziwezi kuachwa na mjazo wazi. Kila upande uvunjwe kidogo zaidi, ujengwe tena kwa mawe yanayoingiliana na ukuta wa zamani, kwa chokaa kipimo kimoja na mchanga vipimo vitatu. Chokaa iwe imelowekwa na kulala shimoni wiki kadhaa, na maji yawe matamu. Mchanga wa pwani una chumvi. Usiingie nyumbani kwenu. Saruji najua ni rahisi kupatikana na inashika upesi, lakini ni ngumu kuliko mawe yanayoizunguka na haipumui. Chokaa inakauka kwa kula hewa, taratibu, na ndiyo sababu ya pili inayonifanya niicheke ile kauli ya siku tatu.

Msifanye kazi hii wakati wa masika. Ukuta uliolowa ni mzito, udongo wake umelainika, na chokaa haikauki. Baada ya masika, upepo wa kusi ukishashika na ukuta umekauka, ndio wakati wake. Bi mkubwa ahamishwe nyumba nyingine kwa muda wote huo, kwani vumbi la chokaa linachoma macho na kifua, na kumlaza nyuma ya turubai si ulinzi.

Uliuliza pia, mwisho wa barua, pale nilipopafupisha, kuhusu kutoboa mlango katika nyumba ya kaka mwingine huko Chake Chake, ya matofali ya saruji ya inchi sita. Hiyo ni hadithi nyepesi zaidi. Tizameni kama kuna lenta iliyozunguka nyumba nzima. Kama ipo na haina ufa, mlango wa sentimita 90 chini yake, mbali na kona na mbali na nguzo, hauna makubwa, kingeni tu na mkate kwa utaratibu. Lenta isikatwe wala isichimbwe kwa sababu yoyote, hata ya kupitisha waya. Kama haipo, tieni lenta ya zege ya mlango kwanza, iachwe na mbao zake wiki tatu, ndipo mtoe matofali.

Nirudi Malindi. Hesabu ya muda: kibali na mhandisi, sijui mtasubiri kiasi gani, kinga siku mbili, kizingiti nusu ya kwanza na wiki mbili za kungoja, nusu ya pili na wiki mbili nyingine, kufungua na kujenga miimo wiki moja, kisha mirunda ibaki wiki tatu zaidi. Itolewe mmoja mmoja, kwa kulegeza kabari kidogo kidogo tangu asubuhi, mtu mmoja akiwa juu kwa ami na penseli yake kwenye zile alama. Ni zaidi ya miezi miwili. Harusi ya mdogo wenu ifanyeni kwa njia ya uani kama mlivyozoea. Turubai lipo, na vile vidato viwili fundi wenu anaweza kuvitilia mteremko wa mbao, aanze kesho. Hiyo kweli ni kazi ya siku tatu.